Waya wa Njano

Bi Mwantumu aliileta ndani ya leso,
imefungwa mafundo mawili kama pesa za mchezo.
Hakuiweka juu ya meza. Aliishika.
"Kupamba kwa Zena," akasema, "mwaka wa elfu mbili na sita.
Yakwama. Mashine yasema hakuna diski.
Itengeze, lakini usitie mato, Lali.
Mle tuko vitwa wazi."

Duka langu la Langoni lina upana wa milango miwili.
Humu ami yangu Bwanaheri alikodisha kanda,
zile nyeusi, nzito kama tofali,
na aliyerudisha bila kuipeleka mwanzo
alitozwa shilingi tano za uvivu.
Zikaja VCD: filamu moja, sahani mbili;
jambazi ameinua panga, picha inakatika,
mtu anainuka kutafuta nusu ya pili
na nusu ya pili imeazimwa Shela.
Ilipofika DVD ami akaapa hii haitakufa.
"Hakuna utepe wa kutafunwa. Ni mwanga tu unaosoma."
Hakuhesabu chumvi yetu.
Hakuhesabu mchanga, wala watoto,
wala umeme unaokwenda kimya na kurudi kwa kishindo.
Sasa vijana hubeba harusi nzima kwenye simu,
na mashine huletwa kwangu chini ya buibui,
kama mgonjwa asiyetaka majirani wajue.

Niliinua sahani mbele ya taa.
Ukiona tundu upande wa maandishi, mrudishie mwenyewe:
habari hulala chini ya wino,
si huku kunakong'aa kama watu wadhanivyo.
Tundu halikuwapo. Alhamdulillahi.
Kulikuwa na alama ya kidole chenye mafuta ya nazi
na mkwaruzo mmoja, wa mviringo, ule mbaya.
Unaokata toka kati kwenda nje, mashine huuruka.
Unaofuata mzunguko huipotosha njia.

Dawa ya meno nyeupe, si ile ya jeli.
Fulana kuukuu.
Toka kitovuni kwenda ukingoni,
toka kitovuni kwenda ukingoni,
usizungushe kama unayefuta sahani ya wali.
Nikaosha, nikaanika kivulini.
Mashine nayo mpira wake ulikuwa umelegea:
droo inatoka nusu, inajuta, inarudi.
Nikauchemsha mpira kwenye sufuria ya chai.
Jicho nikalipangusa kwa pamba na spiriti,
kwa pumzi iliyozuiwa.

Kujaribu ndiko kulikokuwa mtihani.
Nyuma ya televisheni nyaya ni tatu:
nyekundu na nyeupe ni sauti, njano ni picha.
Nikachomoa ya njano, nikaitia mfukoni.

Kioo kikabaki buluu tupu
na duka likajaa wanawake.
Bangili. Vigelegele. Mtu anadai asmini zaidi.
Mtu anacheka hadi anakohoa.
Dakika ya arobaini na moja, palipokuwa pakikwama,
nikakaza sikio.
Mlango ukalia.
"We Lali! Weka sinia hapo, uondoke. Utapofuka mato!"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilitumwa visheti.
Nilisimama kizingitini kuliko ilivyotakiwa.
Nilikuwa nimesahau kwamba sauti ya mama
nayo ilikuwa na mkwaruzo.

Nikarudisha nyuma mara tatu, kuhakikisha haikwami.
Ya nne haikuwa ya kuhakikisha.

Baada ya laasiri Bi Mwantumu akaja.
"Hukutizama?"
"Sikutizama."
Alinikagua uso kama mtu anunuaye samaki,
akahesabu mia mbili, akaongeza hamsini,
akafunga leso yake mafundo mawili.

Alipokwisha kupinda kona ya msikiti
ndipo nikapapasa mfukoni: waya wake, wa njano.
Nikamwita mtoto aupeleke.
Kisha nikamrudisha mtoto,
nikaupeleka mwenyewe,
hadi kizingitini tu.